Moyo wa Mzee Hauugui Peke Yake

Mwaka 2019, katika idara ya dharura ya hospitali ya KCMC mjini Moshi, watafiti waliwafuatilia watu wazima 681 waliofika wakilalamikia maumivu ya kifua au kubanwa pumzi. Walipimwa umeme wa moyo pamoja na troponini, protini inayovujia kwenye damu misuli ya moyo inapoumia. Watu 152, zaidi ya mmoja katika kila watano, walikutwa na mshtuko wa moyo. Siku 30 zilipotimia, asilimia 43 ya hao 152 walikuwa wamefariki. Katika nchi tajiri, ambako mgonjwa hufikishwa ndani ya saa chache kwenye chumba cha kuzibulia mishipa ya moyo, vifo vya siku 30 kwa kawaida havifiki mtu mmoja katika 10.

Ni rahisi kuieleza tofauti hiyo kwa kutaja vifaa, na kweli vifaa vina sehemu yake. Lakini utafiti ule wa Moshi ulionyesha jambo jingine ambalo naliona zito zaidi: kati ya wale 152, wachache mno ndio walioandikwa na madaktari wao siku ile kuwa wana mshtuko wa moyo. Wengi waliandikiwa presha iliyopanda, au moyo kushindwa kusukuma damu. Na madaktari hawakubuni. Presha ilikuwa imepanda kweli, na moyo ulikuwa umechoka kweli tangu kabla ya siku hiyo. Ugonjwa wa zamani ulibebeshwa dalili zote, na ugonjwa mpya ukapita bila kuonwa.

Kwa hiyo anayetaka kujua jinsi magonjwa mengine yanavyobadili hatima ya mshtuko wa moyo kwa wazee hana budi kuanza kabla ya tiba, pale mlangoni. Kwa mzee, mshipa ulioziba ni sehemu tu ya habari. Kinachoamua kama atarudi nyumbani akitembea, atarudi akibebwa, au hatarudi, mara nyingi ni figo zake, sukari yake, wingi wa damu yake, nguvu za miguu yake, na mfuko wa vidonge alioingia nao wodini. Umri umekuwa ukitupiwa lawama peke yake, kana kwamba miaka 80 ni ugonjwa wenye jina. Umri una uzito katika kila kipimo cha hatari, sikatai. Lakini sehemu kubwa ya uzito huo ni ya magonjwa yaliyojificha nyuma yake, na hayo, tofauti na miaka, yanaweza kupimwa na mengi yanaweza kushughulikiwa.

Picha tuliyoizoea ya mshtuko wa moyo ni ya mtu aliyeshika kifua, jasho linamtoka, maumivu yanapanda hadi taya na kushuka mkono wa kushoto. Kwa mzee mwenye kisukari cha miaka mingi picha hiyo mara nyingi haipo. Sukari ikikaa juu kwa muda mrefu huharibu neva ndogo, zikiwemo zinazopeleka habari ya maumivu kutoka moyoni. Mzee analalamika kwamba amechoka, tumbo linamsumbua, anatapika, akilala chali pumzi haitoshi. Pengine anachanganyikiwa ghafla, hatambui saa wala watu. Nyumbani wanasema ni uzee, au malaria, au sukari imeshuka, na usiku unapita.

Mwaka 2000 jarida la JAMA lilichapisha uchambuzi wa wagonjwa 434,877 waliothibitika kupata mshtuko wa moyo nchini Marekani. Theluthi yao walifika hospitali bila maumivu ya kifua. Hao walikuwa wazee zaidi, wastani wa miaka 74 dhidi ya 67 ya wenzao, na miongoni mwao wanawake, wenye kisukari na waliowahi kushindwa kwa moyo walikuwa wengi zaidi. Walichelewa kufika, walipewa tiba pungufu, na asilimia 23 walifia hospitalini. Kwa waliokuwa na maumivu vifo vilikuwa asilimia 9. Kabla ya hapo, utafiti wa Framingham, uliowafuatilia wakazi wa mji huo wa Massachusetts tangu 1948, ulikuwa umeonyesha kwamba zaidi ya robo ya mishtuko ya moyo iligunduliwa baadaye tu, kwenye kipimo cha kawaida cha umeme wa moyo. Wazee wengi, basi, wanapata mshtuko wanaouita wa kwanza huku moyo tayari una kovu.

Hata kipimo cha damu hupotosha. Mwenye figo dhaifu au moyo uliochoka anaweza kuishi siku zote na troponini iliyo juu kidogo, ndiyo maana kipimo kimoja hakitoshi kwake: hurudiwa baada ya saa chache kuona kama namba inasogea. Ikisogea, kuna kitu kimetokea leo. Isiposogea, huenda ni hali yake ya kila siku. Kwa daktari aliye peke yake zamu ya usiku, mwenye kipimo kimoja tu cha kutumia, kurudia ni anasa, na hapo ndipo kosa la upande wowote huzaliwa.

Mgonjwa akishatambuliwa, magonjwa mengine huanza kazi ya pili. Moja ya tafiti kubwa zaidi juu ya jambo hili iliongozwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Leeds na kuchapishwa 2018. Walichukua kumbukumbu za wagonjwa 693,388 wa mshtuko wa moyo wa England na Wales, kuanzia 2003 hadi 2013, wakatazama magonjwa saba ya muda mrefu: kisukari, presha, moyo kushindwa, figo, kiharusi, mishipa ya miguu iliyoziba, na magonjwa ya mapafu. Karibu watu 6 katika 10 walikuwa na angalau mojawapo. Uzuri wa kazi yao ni kwamba hawakuridhika na kuhesabu. Walitafuta magonjwa gani hutembea pamoja, na kundi lililofanya vibaya kuliko yote lilikuwa la wale wenye moyo kushindwa, mishipa ya miguu iliyoziba na presha kwa pamoja.

Hoja hiyo ya makundi ina maana kubwa, kwa sababu desturi ya hospitali nyingi ni kuhesabu. Tangu 1987 kuna alama za Charlson, ambazo humpa mgonjwa pointi kwa kila ugonjwa na kuzijumlisha. Kwa takwimu za hospitali nzima zinafaa sana. Kando ya kitanda zinapwaya, kwa kuwa magonjwa hayadhuru kwa njia moja. Kisukari huuficha mshtuko. Upungufu wa damu hukata oksijeni inayoufikia moyo. Figo dhaifu hugeuza dawa iliyopaswa kusaidia ikawa ya kumwaga damu. Kupotewa na kumbukumbu hufanya dawa isimezwe. Wazee wawili wenye pointi nne kila mmoja wanaweza kuhitaji mipango isiyofanana hata kidogo. Alama za GRACE, zinazotumiwa dunia nzima kukadiria hatari ya mshtuko wa moyo, nazo zina mambo manane: umri, mapigo ya moyo, presha, kreatinini (kipimo cha figo), dalili za maji mapafuni, moyo kusimama, mabadiliko ya umeme wa moyo na troponini. Katika hayo manane, ni kreatinini peke yake inayochungulia kiungo kingine. Wingi wa damu haumo, na kama mgonjwa huyu wiki iliyopita alikuwa anatembea au anabebwa, hapaulizwi.

Figo nazipa nafasi ya kwanza, na nitakaa hapo kidogo. Mwaka 2004 watafiti wa jaribio lililoitwa VALIANT walichambua wagonjwa 14,527 ambao mshtuko wa moyo uliwaachia moyo dhaifu. Uwezo wa figo kuchuja ulipokuwa chini ya mililita 81 kwa dakika, kila uliposhuka kwa 10 zaidi, hatari ya kufa au kupata tatizo jingine la moyo na mishipa ilipanda kwa takribani asilimia 10. Si wagonjwa wa kusafishwa damu tu waliokuwa hatarini. Hatari ilianza kupanda pale ambapo mgonjwa wala daktari hajashtuka bado.

Sababu ni nyingi na zinasaidiana. Figo zikidhoofika, mishipa ya damu hujaa chokaa na kukakamaa. Mwili hushikilia maji na chumvi, presha inapanda, moyo uliojeruhiwa unasukuma dhidi ya mlima. Damu inapungua, kwa kuwa figo ndizo zinazotoa homoni ya kuagiza chembe nyekundu zitengenezwe. Chembe sahani zinavurugika, na mgonjwa anakuwa mwepesi wa kuganda damu na mwepesi wa kutoka damu kwa wakati mmoja. Dawa zinazotolewa mwilini kwa mkojo zinalundikana. Rangi inayopigwa mishipani ili ionekane kwenye picha inaweza kuziumiza figo zaidi, hivyo daktari anasita, na kusita kwenyewe kuna gharama.

Halafu kuna mtego ambao ningependa kila kituo cha afya kiujue. Kreatinini hutoka kwenye misuli. Mzee mwembamba ana misuli kidogo, kwa hiyo kreatinini yake inaweza kuonekana ya kawaida huku figo zimekwisha. Chukua bibi wa miaka 80 mwenye kilo 45, kreatinini yake ni mikromoli 100 kwa lita. Karatasi ya maabara huenda isionyeshe alama yoyote ya kutisha. Ukitumia kanuni ya Cockcroft na Gault, iliyochapishwa 1976 na isiyohitaji zaidi ya kikokotoo cha simu, uwezo wake wa kuchuja ni kama mililita 28 kwa dakika. Kijana wa miaka 25 mwenye kilo 75 na kreatinini hiyohiyo ana 106. Chini ya 30, sindano ya enoksaparini, inayozuia damu kuganda na inayotolewa mara mbili kwa siku, hupunguzwa hadi mara moja. Bibi asipopigiwa hesabu hiyo atapewa dozi ya kijana, na akianza kutoka damu tumboni siku ya tatu ataandikwa kuwa amefariki kwa moyo.

Kwa upungufu wa damu, hesabu inaeleweka bila mtaalamu: mshipa umebana, na damu kidogo inayopita nayo imebeba oksijeni pungufu. Swali gumu ni lini umwongezee damu. Jaribio la MINT, lililotangazwa 2023 likiwa na wagonjwa 3,504 wenye mshtuko wa moyo na upungufu wa damu, lililinganisha kusubiri hadi hemoglobini, kipimo cha wingi wa damu, ishuke chini ya 7 au 8 na kuishikilia isiteremke chini ya 10. Ndani ya siku 30, asilimia 16.9 ya waliosubirishwa walifariki au kupata mshtuko mwingine, dhidi ya asilimia 14.5 ya walioongezewa mapema. Kitakwimu tofauti hiyo haikufikia kiwango cha uhakika, ila uelekeo wake unawafanya madaktari wengi wasimwache mgonjwa wa moyo akauke kama wanavyoweza kumwacha mgonjwa mwingine. Kwetu, ambako ndugu huombwa kuchangia damu kabla mgonjwa hajaongezewa, jambo hili linamaanisha kuwaita ndugu mapema. Upungufu huo pia ni dokezo. Kwa mzee unaweza kuwa figo, lishe, minyoo, saratani ya utumbo ambayo bado haijajulikana, au kidonda cha tumbo kilichoachwa na dawa za maumivu. Ukimpa dawa mbili za kuzuia damu kuganda kabla ya kuuliza rangi ya choo, umekifungulia kidonda hicho mlango.

Mapafu nayapitia haraka. Wanawake waliopikia kuni maisha yao yote na wanaume waliovuta sigara hufika wakiwa na mapafu yaliyoharibika, na kosa linalojirudia ni kuwanyima dawa za kutuliza mapigo ya moyo kwa hofu ya pumu. Kwa ugonjwa sugu wa mapafu, dawa za kundi hilo zinazolenga moyo zaidi, kama bisoprololi, wengi wanazimudu, na tafiti za Uingereza zimeonyesha kwamba wenye mapafu mabovu waliopewa dawa hizo baada ya mshtuko waliishi zaidi ya walionyimwa.

Kuna upande mwingine wa mambo ambao haupewi nafasi ya kutosha: mara nyingine ugonjwa mwingine ndio unaouleta mshtuko wenyewe. Wataalamu wanaitambua aina ya pili ya mshtuko wa moyo, ambamo hakuna bonge la damu jipya lililoziba mshipa. Moyo umedai oksijeni kuliko inayopatikana, kwa sababu ya nimonia, mapigo yaliyokimbia, presha iliyoporomoka, au damu iliyomwagika. Wazee ndio wanaopata aina hii zaidi. Kumkimbiza mgonjwa wa namna hiyo kwenye chumba cha kuzibulia mishipa huku nimonia yake haijapata antibiotiki ni kuanzia mwisho. Watafiti wa Ontario, Kanada, walionyesha 2018 kwamba ndani ya siku 7 baada ya homa ya mafua kuthibitishwa maabara, uwezekano wa kulazwa kwa mshtuko wa moyo ulikuwa mara 6 ya kawaida. Na jaribio la IAMI la 2021, lililoongozwa kutoka Örebro nchini Sweden, liliwapa chanjo ya mafua wagonjwa waliotoka tu kupata mshtuko: katika mwaka uliofuata, asilimia 2.9 ya waliochanjwa walifariki, dhidi ya asilimia 4.9 ya wasiochanjwa. Sindano moja ya bei ndogo, na kwetu karibu haizungumzwi.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo halina jina kwenye karatasi za maabara. Kuna wazee wawili wa miaka 82, wote wana presha na kisukari. Mmoja analima bustani yake na kwenda msikitini kwa miguu mara tano kwa siku. Mwingine amekonda, anashikwa mkono kwenda chooni, na mwaka huu ameanguka zaidi ya mara moja. Majina ya magonjwa ni yaleyale, ila miili si sawa. Huyu wa pili amedhoofika: ni kama ghala lililobakiwa na magunia mawili huku mavuno yakiwa bado mbali, na pigo dogo linatosha kulimaliza. Siku kumi za kulala kitandani humwondolea misuli ambayo huenda isirudi. Mpira wa mkojo humletea maambukizi. Usiku wa pili wodini anaweza kuchanganyikiwa akang'oa dripu.

Kenneth Rockwood na wenzake wa Kanada walitoa mwaka 2005 kipimo cha kudhoofika kinachotumika sasa katika nchi nyingi. Hakina mashine. Mtoa huduma anauliza mtu huyu alikuwa anaishije wiki mbili kabla ya kuugua. Kwa lugha yetu ni mazungumzo ya dakika mbili: shikamoo bibi, kabla ya hii homa ulikuwa unakwenda gengeni mwenyewe? Unajipikia? Kuoga unasaidiwa? Jibu lake linabashiri mengi kuliko karatasi nyingi tunazozilipia, nami sioni sababu ya swali hilo kukosekana kwenye fomu ya kupokea mgonjwa yeyote aliyezidi miaka 65.

Je, mzee aliyedhoofika azibuliwe mshipa au atibiwe kwa dawa tu? Kuna aina moja ya mshtuko ambapo mshipa umeziba kabisa na umeme wa moyo unaonyesha wazi. Hapo kuuzibua haraka kunaokoa hata wazee, isipokuwa aliye ukingoni mwa maisha. Mjadala upo kwenye aina nyingine, iliyo ya kawaida zaidi kwa wazee, ambamo mshipa umebana bila kuziba moja kwa moja. Nchini Norway, utafiti wa 2016 wa watu 457 waliofikisha miaka 80 uliipa ushindi njia ya kupiga picha mishipa na kuizibua: mshtuko mwingine ulipungua. Lakini kupata wazee wa kuingia katika utafiti wa namna hiyo ni kuchuja, na wanaobaki ni wenye nguvu. Wahispania wakageuza swali. Jaribio lao la MOSCA-FRAIL, lililotangazwa 2023, liliwachukua wagonjwa 167 waliodhoofika peke yao, na kuwapeleka kwenye uzibuaji hakukuwaongezea siku za kuishi wakiwa nyumbani.

Mwaka 2024 likaja jaribio la SENIOR-RITA, la hospitali 48 za Uingereza, wagonjwa 1,518 wenye miaka 75 na zaidi, wastani wa miaka 82, karibu theluthi yao wakiwa wamedhoofika. Baada ya miaka minne hivi, vifo vya moyo na mishtuko mipya vikijumlishwa vilikuwa asilimia 25.6 kwa waliopangiwa uzibuaji na 26.3 kwa waliotibiwa kwa dawa. Hakuna tofauti. Ukitazama mishtuko mipya isiyoua peke yake, ilikuwa asilimia 11.7 dhidi ya 15. Na madhara ya utaratibu wenyewe hayakufika asilimia 1.

Wapo wanaozisoma namba hizo wakasema uzibuaji kwa wazee hauna maana. Mimi nazisoma hivi: uzibuaji hauahidi miaka, unapunguza uwezekano wa kurudi hospitali na mshtuko mwingine, na ni salama kuliko wengi wanavyodhani. Kwa mzee wa bustanini hiyo ni faida halisi. Kwa anayeshikwa mkono kwenda chooni, ambaye kinachomsogeza kuelekea kaburini ni figo na kukonda, huenda si faida anayoihitaji. Kwa hiyo umri wa miaka 82 peke yake haujibu swali kwa upande wowote. Jaribio la FIRE la 2023, la Italia, Hispania na Poland, linaunga mkono kutowaogopa wazee: kwa watu 1,445 wa miaka 75 na zaidi wenye mishipa kadhaa mibovu, kushughulikia yote iliyopimwa na kukutwa inanyima moyo damu kulipunguza matatizo ya mwaka wa kwanza hadi asilimia 15.7, kutoka 21 kwa walioshughulikiwa mshipa mmoja tu.

Kutibiwa pungufu kuna historia. Uchambuzi wa majaribio ya tiba za moyo uliochapishwa 2001 ulionyesha kwamba waliofikisha miaka 75 walikuwa asilimia 37 ya wagonjwa wote wa mshtuko wa moyo nchini Marekani, lakini katika majaribio ya miaka ya 1990 walikuwa asilimia 9 tu ya washiriki. Wenye figo mbovu nao wengi waliachwa nje. Kwa miongo mingi mzee mwenye magonjwa matatu ametibiwa kwa ushahidi uliotoka kwa mtu wa miaka 60 mwenye ugonjwa mmoja. Daktari anaposita, kusita kwake si uoga mtupu: vitabu vilimnyima jibu.

Na hofu ya kumwaga damu ina ukweli. Mahali pasipo na chumba cha kuzibulia, na Afrika Mashariki hapo ni karibu kila mahali nje ya miji mikubwa, tiba ya mshipa ulioziba ni dawa ya kuyeyusha bonge la damu, streptokinesi au tenekteplezi. Katika jaribio la STREAM, damu kuvuja ubongoni kwa wazee kuliwalazimisha watafiti kupunguza tenekteplezi hadi nusu dozi kwa waliofikisha miaka 75. Mzee mwenye presha ya 200 na kiharusi cha mwaka juzi kwa kawaida hapaswi kupewa dawa hiyo. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ipo Dar es Salaam tangu 2015 na imebadilisha mengi, lakini kutoka Kigoma ni zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara, na bonge la damu halisubiri basi.

Kuna habari njema ambayo inawafaa wenye kipato kidogo. Jaribio la POPular AGE la Uholanzi, 2020, lilionyesha kwamba kwa wenye miaka 70 na zaidi, klopidogreli, dawa ya zamani na ya bei nafuu, iliwatoa damu asilimia 18 dhidi ya 24 ya dawa mpya na yenye nguvu, tikagrelori, bila kuonekana hasara kwa moyo. Familia inayouza mbuzi ili kununua dawa ya gharama kubwa kwa babu yao inapaswa kuambiwa hivyo waziwazi.

Ukanda wetu una magonjwa yake ambayo majaribio ya Ulaya hayakuyaona. Waliookolewa na dawa za VVU tangu miaka ya 2000 sasa wanazeeka, na virusi, hata vikidhibitiwa, huacha uvimbe wa chini kwa chini unaoharakisha kuziba kwa mishipa. Jaribio la REPRIEVE la 2023, lililojumuisha Uganda, lilihusisha watu 7,769 wenye VVU wa miaka 40 hadi 75. Dawa ya kupunguza lehemu, pitavastatini, ilipunguza matatizo makubwa ya moyo kwa asilimia 35. Lakini kliniki za VVU na kliniki za moyo bado mara nyingi ni milango miwili, kadi mbili, siku mbili tofauti. Baadhi ya dawa za VVU hupandisha mno kiwango cha simvastatini mwilini, na anayeandika simvastatini hajui mwenzake ameandika nini.

Kisha zipo dawa za maumivu. Diklofenaki na ibuprofeni zinanunuliwa dukani kama peremende, na wazee wenye magoti mabovu wanazimeza kwa miaka. Zinabana figo, zinapandisha presha, zinachubua tumbo, zinaongeza hatari ya mshtuko wa moyo, na ibuprofeni huizuia aspirini isifanye kazi yake kwenye chembe sahani. Mzee aliyetoka hospitali na aspirini na klopidogreli, akarudi kwenye diklofenaki yake kwa sababu goti linauma na hakuna aliyemuuliza, yuko hatarini zaidi kuliko alivyokuwa kitandani. Parasetamoli ingemtosha siku nyingi.

Huzuni nayo ni ugonjwa mwenza. Utafiti wa Montreal wa 1993, wa wagonjwa 222, ulikuta kwamba waliokuwa na sonona baada ya mshtuko walikufa zaidi ndani ya miezi sita kuliko wasiokuwa nayo. Mzee anayesema hana haja ya chakula na hana haja ya dawa anahesabiwa kuwa mkaidi, wakati ni mgonjwa.

Kazi kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, iko siku ya kutoka wodini. Mzee anapewa dawa tano mpya juu ya nne za zamani. Mbili kati yake ni za kundi moja, zimeandikwa kwa majina tofauti. Dawa ya kukojosha maji inaongezwa juu ya dawa inayolinda moyo kwa kulegeza mishipa, na zote zinaigusa figo. Anakwenda kuishi kwa binti yake mkoa mwingine. Sera ya Taifa ya Wazee ya Tanzania, ya mwaka 2003, ilitaka wazee wasio na uwezo watibiwe bila malipo katika vituo vya umma, lakini dirisha la dawa likisema dawa hazipo, msamaha haumezeki, na familia huchagua zipi zinunuliwe bila kujua ipi inaweza kuachwa na ipi haiwezi. Stenti (kijibomba kinachouweka mshipa wazi) iliyowekwa juzi, klopidogreli ikikosa wiki mbili, inaweza kuziba palepale. Mtu anayempa mzee vidonge, awe mke, mjukuu au msaidizi wa nyumbani, anapaswa kuitwa wodini akaonyeshwa kimoja kimoja, na zile za zamani zinazogongana zitolewe kwenye mfuko siku hiyohiyo. Wiki moja au mbili baadaye kreatinini na potasiamu zirudiwe, hata katika hospitali ya wilaya, kwa sababu hapo ndipo dawa mpya za moyo zinapokutana na figo za zamani kwa mara ya kwanza mbali na macho ya daktari.